Ukurasa wa Kulia wa Mzee Wrobel

Jumanne, tarehe nne Februari. Theluji ilikoma alfajiri, lakini upepo umekuwa ukiizoa kutoka paa la jirani na kuimwaga kwenye njia yetu, kama vile jirani ametutumia. Baridi ni ile ya kugandisha nywele za pua. Kwa miaka ishirini na tatu, siku ya namna hii ningekuwa kituoni nasubiri basi, soksi mbili kila mguu. Leo nimekaa jikoni nikaliangalia likipita. Dereva alipunguza mwendo kidogo mbele ya nyumba yetu. Labda ni kwa ajili yangu. Labda ni barafu.

Nilistaafu Ijumaa. Ninyi mnaoanza kazi hii ya kutunza wazee mliniomba niwaandikie niliyoyaona, na sijui kama mimi ndiye mtu wa kuandika. Shule niliishia kidato cha pili. Kiswahili changu kina Kikisii ndani, na sasa kina Minnesota pia. Nitafuata tu jinsi siku zilivyopita, maana mpangilio mwingine siujui. Vyeo sitaviongelea kwa sababu sikuvipata, na mshahara mnaujua wenyewe.

Siku yangu ya kwanza katika ile nyumba ya wazee, kaskazini-mashariki mwa Minneapolis, nilimwogesha bibi mmoja ambaye alikuwa ameshaogeshwa. Alikaa kwa adabu, akainua mkono nilipomwambia ainue, na tulipomaliza akauliza kama sasa kila mkazi ataogeshwa mara mbili. Aliyenifuta machozi siku ile ni Comfort, Mliberia mrefu, viatu vyeupe kama chaki, ambaye ndiye aliyenifundisha kazi. Cheti kilinifundisha majina ya vitu, Comfort akanifundisha vitu vyenyewe.

Alinifundisha kubisha mlango na kungoja. "Huku si wodini, dada yangu," alisema. "Hapa ni kwa mtu. Ungependa mimi niingie kwako hivi hivi, nikukute na kanga?" Alinifundisha kuufunga ule mkanda mpana wa kitambaa kiunoni mwa mzee kabla ya kumsimamisha, vidole viwili viingie kati ya mkanda na mwili, visiwe vitatu. Alinifundisha kupasha kichana moto mkononi kabla hakijagusa kichwa chenye nywele chache. Na alinifundisha kuandika. Kila shifti ikiisha lazima tuandike habari za kila mkazi, zamani kwenye karatasi, siku hizi kwenye kompyuta iliyo ukutani. Sheria yake ilikuwa hii: "Andika macho na masikio. Kichwa chako kiache kwenye kabati pamoja na koti."

Yaani andika ulichokiona na ulichokisikia. Ulichokifikiria kaa nacho.

Niliifuata sheria hiyo miaka mingi. Nilipopigwa kofi na mwalimu mmoja mstaafu sikuandika "ni mkali", niliandika "alinipiga shavu la kushoto nilipomvua miwani." Nesi aliposoma akaelewa mara moja: bila miwani mama wa watu haoni, anaogopa. Tukaanza kumwogesha na miwani yake, na hakumpiga mtu tena. Nawaambia hili mapema ili msidhani sikujua. Nilijua. Ndiyo maana yanayofuata bado yananiuma.

Mzee nitakayemwita Wrobel alikuja kwetu miaka sita iliyopita. Hilo si jina lake. Binti yake amenipa ruhusa niandike, lakini siri ya mgonjwa haistaafu, kwa hiyo jina nimelibadilisha. Mtakaomhudumia mtamjua kwa daftari. Wazazi wake walizaliwa na watu waliotoka Poland, yeye akazaliwa mitaa michache tu kutoka pale, na maisha yake yote alitengeneza mabehewa ya treni. Shule aliacha mapema kama mimi. Tulizungumza Kiingereza, cha kwake na cha kwangu, na hapa naandika vile nilivyokisikia. Mimi aliniita Pani Moraa. Pani ni heshima ya kwao, kama sisi tunavyosema Mama. Nami nikamwita Mzee, na nilipomweleza maana yake alifurahi, akasema huku Marekani neno hilo wangelitibu kama ugonjwa.

Chumba chake kilikuwa na dirisha na meza ya kuandikia. Meza aliileta mwenyewe, ya mbao nzito, na watu wa usafi waliilaani kila Alhamisi.

Asubuhi moja ya theluji, wenzetu watatu hawakufika kazini. Nilikuwa nakimbia na sinia za chai. Mzee Wrobel akaniambia, "Pani Moraa, leo ungevaa vizuri. Malkia wetu ametimiza miaka."

"Malkia gani, Mzee?"

"Wa Poland. Yuko Krakow."

Nikasema hongera zake, nikaweka chai, nikakimbia. Mwisho wa shifti nilisimama mbele ya ile kompyuta, miguu inawaka, nikaandika: amechanganyikiwa. Neno moja. Halikuwa la macho wala la masikio. Lilikuwa la kichwa changu, na kichwa chenyewe kilikuwa kimechoka.

Sasa sikieni kosa la watu wa kazi yetu, ambalo sidhani mtu wa kazi nyingine angeweza kulifanya. Anayeingia shifti husoma alichoandika aliyetoka. Naye amechoka. Akiona neno limeshaandikwa, analirudia, maana kidole kinajua njia. Wa pili akaandika amechanganyikiwa. Wa tatu naye hivyo hivyo. Wala hawakuwa wavivu. Waliniamini mimi.

Wiki iliyofuata Mzee aliniomba nimshushie daftari kutoka juu ya kabati. Lilikuwa nene, jalada la kijani, na nyuma yake kulikuwa na mengine saba. Akanifungulia. Kurasa za kushoto aliandika kwa penseli, za kulia kwa wino wa buluu.

"Kushoto ni ilivyokuwa," alisema. "Kulia ni ambavyo ingalikuwa."

Akanieleza, na mimi nawaeleza nilivyoelewa. Nikikosea ni mimi, si yeye. Poland ilitawaliwa zamani na ukoo mmoja wa kifalme, ukoo wa Jagiellon, kwa karibu miaka mia mbili. Mfalme wa mwisho wa ukoo ule alioa mara tatu na hakuacha mtoto. Baada yake wakubwa wa nchi wakawa wanachagua wafalme, mara nyingi wageni, na kila uchaguzi ukaleta ugomvi. Mwishowe majirani watatu wakaigawana nchi, ikapotea kwenye ramani zaidi ya miaka mia moja. Hiyo ndiyo penseli. Kwenye wino, mfalme yule alipata mtoto, ukoo ukaendelea, nchi haikugawanywa, na leo kuna malkia wa miaka hamsini na kitu, mvaa miwani, aliyesomea ujenzi wa madaraja na ambaye hapendi sherehe.

"Kwa nini hapendi sherehe?" nikauliza.

"Viatu," akasema. "Ana miguu mibaya. Ukoo mzima una miguu mibaya, angalia daftari la tatu."

Nilicheka mpaka nikakaa kitandani kwake, jambo ambalo haturuhusiwi. Mtu huyu alikuwa amebeba watawala wa miaka zaidi ya mia nne, kila mmoja na miguu yake, na mimi nilikuwa nimemwandika kwa neno moja.

Nilipaswa kwenda kwa nesi siku ile ile. Sikwenda. Nilijiambia neno moja litayeyuka lenyewe kama theluji ya Aprili. Pia niliogopa kufukuzwa, naona niseme.

Majira yale ya baridi nilikuwa nikimaliza kumvalisha ananisomea kidogo. Katika daftari la nane alikuwa amerudi nyuma kurekebisha mwanzo, pale mtoto wa mfalme anapozaliwa. Mtoto alizaliwa dhaifu, akapata homa, "kisha akapona," na mfalme akashukuru, na kengele zikapigwa.

"Alipona vipi?" nikauliza.

"Alipona tu. Inabidi apone, la sivyo hakuna kitabu."

"Mzee, mtoto haponi tu. Nani alikuwa naye? Nani alimfuta? Alikula nini?"

Akaurudia kuusoma ule mstari. "Madaktari wa mfalme..."

"Madaktari wanaandika dawa halafu wanaenda. Nani alibaki?"

Akafuta mstari mzima wa wino. Kesho yake kulikuwa na yaya kwenye daftari, mwanamke mrefu mwenye viatu safi, na mimi nilijua amemtoa wapi maana Comfort alikuwa akipita pale kila siku saa nne asubuhi. Akaniuliza yaya angempa mtoto nini. Nikamwambia kwetu Kisii mtoto dhaifu hupewa uji wa wimbi, yaani ulezi, mwepesi, kijiko kwa kijiko, unapuliza kwanza. Nilidhani atacheka. Akasema bibi yake mzaa mama alipika nafaka ya namna hiyo hiyo, ndogo, ya njano, na kwamba jikoni kwa mfalme lazima ilikuwepo. Akaandika. Nikamwona akipuliza kalamu.

Siku moja nikamwuliza jambo lililokuwa likinisumbua ndani ya basi. "Mzee, kama nchi haikugawanywa, babu zako wangekimbia njaa gani? Wangekuja huku kufanya nini?"

"Wasingekuja."

"Basi wewe?"

Akalifunga daftari taratibu. "Mimi sipo, Pani Moraa. Wala mke wangu hakunijua, wala Teresa wangu hakuzaliwa. Nililiona hilo daftari la kwanza, nikaacha kuandika mwaka mzima. Ndiyo maana kuna kurasa mbili. Wa kulia ni mzuri. Wa kushoto una watu wangu."

Mimi si mtu wa vitabu, lakini sijawahi kukutana na mtu mwenye haki kama huyo. Alijenga nchi nzima na hakujiwekea hata kiti.

Halafu ikaja barua ya kikao. Faili la Mzee Wrobel lilionyesha kuchanganyikiwa kwa wiki tano mfululizo, na familia iliombwa kufikiria kumhamishia upande wa mlango wenye namba za siri, ambako wanakaa waliopoteza kumbukumbu. Kule hakuna meza zenye kona kali. Kalamu pia hakuna, kwa sababu kuna waliowahi kujichoma nazo. Sisemi sheria ile ni mbaya. Nimeona damu iliyoileta.

Mzee alinionyesha barua. Hakulalamika. Alisema tu, "Nimemwacha mtoto na homa. Yaya ameshika kijiko. Wakichukua kalamu sasa, anakufa, na baada yake wote."

Nilimfuata Comfort kwenye chumba cha nguo chafu, nikamwambia lile neno la kwanza lilikuwa langu. Hakunibembeleza.

"Macho na masikio, nilikuambia. Ukaandika kichwa."

"Watanifukuza."

"Labda. Nenda ukakitoe kichwa chako kwenye faili la watu, dada yangu. Halafu uje tukunje mashuka, yamejaa."

Kikaoni alikuwepo daktari kijana, alikuwepo nesi msimamizi, Kristin, na alikuwepo Teresa, binti wa Mzee, aliyeendesha gari kutoka Lakeville na theluji bado iko kwenye buti zake. Nataka niseme haki juu ya Teresa. Hakutaka kumfungia baba yake. Wiki ile baba alikuwa amempigia simu akamwita kwa jina la mama yake marehemu, na asubuhi nyingine ndara zake zilipatikana ndani ya friji. Hayo yalikuwa kweli, tuliyaona kwa macho. Alikuwa binti mwenye hofu, na karatasi zilimwambia hofu yake ni sahihi.

Daktari akamwuliza Mzee, kwa upole, "Poland sasa inatawaliwa na nani?"

Mzee akasema, "Ukurasa upi?"

Kristin akaandika kitu. Teresa akafunika macho.

Hapo nikasimama. Kiingereza kilinikimbia, kikarudi kimepinda. Nikasema, "Samahani. Mimi ndiye niliyeandika amechanganyikiwa, mara ya kwanza. Sikuona hivyo. Alisema ni siku ya kuzaliwa ya malkia, hicho ndicho nilichosikia. Lingine nililiongeza mimi. Waliofuata walinifuata mimi. Mwulizeni kushoto, halafu mwulizeni kulia." Nikaweka daftari la kijani mezani.

Daktari akafunua. "Haya. Kushoto?"

"Kushoto ni jamhuri, ina rais," Mzee akasema, akamtaja kwa jina lake kamili. "Ukoo wa kifalme uliisha. Hakukuwa na mtoto."

"Na kulia?"

"Kulia kuna malkia. Nimemtunga mwenyewe, kwa hiyo usimtafute kwenye simu yako."

"Je, wewe ni ndugu yake?"

"Mimi?" Mzee akashtuka kwelikweli. "Kijana, kulia mimi hata sijazaliwa."

Daktari alicheka, na ndipo Teresa akaanza kulia, akasema hakujua. Alijua baba anaandika. Alidhani ni habari za treni. Mzee akamwambia, "Hukuwahi kuuliza, nami sikuwahi kusema. Tuko sare." Ndara za friji zilijadiliwa pia, na ilikuwa haki zijadiliwe. Uamuzi ukawa abaki na meza yake, apimwe kila baada ya miezi mitatu.

Kristin alinibakiza. Alinipa onyo la maandishi, na nilistahili, nikatia sahihi. Halafu akaniuliza kama ningekubali kuwafundisha wageni namna ya kuandika faili. Ndivyo wengi wenu mlivyonijua. Sasa mnajua nilipata wapi mamlaka yenyewe.

Alibaki chumba kile karibu miaka minne. Mtoto akapona homa kwenye daftari la nane, ukurasa wa kulia, baada ya vijiko kumi na vinne. Mzee alinipa niuhesabu uji, maana alisema mimi ndiye mtaalamu. Comfort alistaafu, akasomewa ukurasa ambapo yaya anavuka tope la uani, akasema viatu vyake havijawahi kuwa na tope kiasi hicho.

Msimu wa majani kuanguka uliopita ndipo alipopotea kweli. Safari hii niliandika mimi tena, kwa macho: "Alisimama mbele ya mlango wake dakika kumi, akauliza anaishi nani humu." Hakuna aliyebisha, hata mimi. Alihamishiwa upande wa mlango wa namba za siri. Meza Teresa aliichukua kwake Lakeville. Madaftari manane yakaruhusiwa, bila kalamu.

Nilidhani atasahau kushoto na kubaki kulia, na moyoni nilimtakia hivyo. Ikawa kinyume. Kilichobaki ni penseli. Alikuwa anakumbuka mfalme wa wake watatu, kitanda cha kufia, hakuna mtoto. Yale aliyoyajenga mwenyewe ndiyo yaliyotoka kwanza. Kwa hiyo kila shifti, baada ya kumvalisha, nilimsomea ukurasa wa kulia, kwa lafudhi yangu. Alisikiliza kama habari ya mtu mwingine.

Ijumaa, siku yangu ya mwisho, nilisoma pale homa inapopanda. Akanishika mkono.

"Pani, huyo mtoto aliishi?"

Mnajua nilivyo. Sikutaka kumdanganya mtu aliyekuwa mwangalifu namna ile. Nikamwambia, "Kushoto hapana, Mzee. Hakuwepo. Kulia aliishi."

"Nani alimlisha?"

"Yaya. Uji wa wimbi."

"Aliupuliza kwanza?"

"Kila kijiko."

Akaegemea mto, akasema, "Basi vizuri," kama mtu aliyekagua breki za behewa akaliruhusu liondoke.

Ndiyo sababu ya barua hii yote. Yuko chumba cha tatu mkono wa kulia, na daftari la nane liko kwenye droo ya juu, chini ya soksi. Atakayepangiwa kwake atulie dakika tano amsomee. Akiuliza, mpeni kurasa zote mbili, na wa kulia uwe wa mwisho. Na mnapofika kwenye kompyuta, andikeni alichouliza.

Teresa alinipigia mchana. Alikuwa naye leo, amemsomea mwenyewe. Alitaka kujua uji wa wimbi unapikwaje, na unga wake unapatikana wapi huku. Nikamwelekeza duka letu. Nikamwambia akoroge kwanza na maji baridi, usije ukashika mabonge.

Jioni mume wangu, Baba Kerubo, alisukuma theluji mpaka njia ikaonekana, na Kerubo, binti yetu, akarudi kutoka chuo, nikamsemesha kwa Kikisii akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida. Tulikula ugali wa wimbi na chinsaga, zile mboga chungu za kwetu, nilizozitoa kwenye friza, na maziwa lala, yale yaliyoganda. Kerubo aliongeza ugali bila kuambiwa.